Mama mkubwa, miaka 57, anataka kutoa albamu yake ya kwanza. Aanzie wapi hapa Dodoma?

Kijana wa Makole:

Wakuu, mbukwenyi. Swali hili ni kwa wanaoijua kazi ya muziki kwa undani.

Mama mkubwa ana miaka 57, ni mwalimu wa shule ya msingi. Akifika 60 anastaafu kwa lazima, ila anafikiria kuondoka mapema kwa hiari. Ana nyimbo 31 alizotunga mwenyewe, nyingi ziko kwenye madaftari na chache kwenye simu. Kama theluthi mbili ni Kiswahili, zilizobaki Kigogo. Anapiga gitaa kavu mwenyewe, na kuna mzee mmoja wa ilimba (marimba ya vidole ya Wagogo) na zeze amekubali kumpigia nyimbo nne. Studio hajawahi kuingia hata siku moja.

Hatafuti ustaa. Anataka albamu yenye jina lake, isikike vizuri, iuzwe kwa watu wa rika lake na vijana wakipenda, na haki zibaki kwake. Aingize nyimbo ngapi? Arekodi wapi na kwa mpangilio gani? Makaratasi gani yatangulie? Na kubwa zaidi, pesa huwa inapotelea wapi? Maana mafao ya ualimu siyo ya kuchezea.

---

Pumzi na Kii:

Mkuu, kabla hujauliza studio, uliza sauti.

Sauti ya mwanamke hushuka kidogo baada ya hedhi kukoma, na noti za juu ndizo zinazoanza kuaga. Nyimbo alizotunga akiwa na miaka 25 bado zimekaa kwenye kii (kimo cha sauti cha wimbo) ya miaka 25. Akiingia nazo studio hivyohivyo, kiitikio kitamkaba, na kijana wa kwenye kompyuta atasema "usijali mama, tutanyoosha". Hapo ndipo albamu inapoanza kuharibika, na bado hamjamaliza hata wimbo mmoja.

Kipimo chake hakina gharama. Achague jioni ya siku ya kazi akiwa amechoka, siyo Jumamosi asubuhi. Aimbe kiitikio mara tatu mfululizo kwa sauti kamili. Mara ya tatu noti ya juu ikipasuka, au ukimwona anainua kidevu kuitafuta, shusha kii kwa nusu toni mbili kisha arudie. Kii sahihi ni ile inayomwachia akiba ya angalau nusu toni moja juu ya noti kubwa kuliko zote za wimbo. Andika kii hiyo juu ya ukurasa wa daftari kwa kalamu nyekundu, maana siku ya studio kila mtu atakuwa na maoni.

Kwa kuwa gitaa anapiga mwenyewe, mjue kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) hupandisha tu, haishushi. Kushusha ni kulegeza nyuzi zote sita kwa toni nzima, na nyuzi nyembamba zikilegezwa hivyo zinagonga kwenye freti na kulia zzz. Dawa yake ni kuhama kutoka seti ya nyuzi za 12 kwenda za 13, ambazo ni nene zaidi. Nyuzi mpya zifungwe siku moja au mbili kabla ya kurekodi. Zikifungwa asubuhi ya kazi zitakuwa zinateleza kila baada ya dakika tano.

Kuna jambo la umri ambalo vijana wa studio hawaliulizi, nalo ni dawa za presha. Baadhi yake huleta kikohozi kikavu kisichoisha, nyingine zinaongeza mkojo na kukausha koo. Kama anatumia, asiache hata siku moja. Amwendee daktari wake miezi miwili kabla, amwambie anaimba, aulize kama kuna mbadala. Meno ya bandia nayo ni hivyohivyo: kama anapanga kuyabadilisha, ayabadilishe mapema ulimi uyazoee, la sivyo kila "s" itapiga filimbi kwenye maiki.

Halafu hewa yetu ni kavu, hasa Julai hadi Septemba upepo unapokuja na vumbi. Maji ya kawaida yanywewe tangu asubuhi, siyo chupa nzima mlangoni mwa studio. Zoezi la kila siku: mrija kwenye glasi ya maji, ncha izame sentimita mbili au tatu, avume kwa noti moja hadi mapovu yatoke sawasawa, kisha apande na kushuka taratibu. Dakika tano, mara mbili kwa siku, wiki nane. Linaonekana la kitoto, lakini linaifungua sauti bila kuichosha.

Kuhusu idadi ya nyimbo: nane. Azirekodi zote 31 kwa simu, gitaa na sauti tu, mara moja moja bila kurudia. Wape watu watatu wasiomwogopa (siyo wanafunzi wake wa zamani!) wasikilize. Baada ya siku mbili waulize ni viitikio vipi bado wanaweza kuviimba. Zitakazotajwa na wawili kati ya watatu ndizo za kuanzia.

---

Baba Tarabu:

Nane ni albamu au ni bahasha ya mchango? Mtu amesubiri miaka 30, mwache atoe 12. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928 akiwa anakaribia miaka 50, na hakuna aliyemwambia abane nyimbo.

---

Maiki Moja:

@Baba Tarabu, Siti alilipiwa na kampuni ya sahani za santuri. Huyu mama analipa mwenyewe, na kila wimbo unaoongezeka una siku zake za studio. Nipige hesabu kwa saa, kwa sababu bei zinatofautiana mtaa kwa mtaa lakini saa hazidanganyi.

Wimbo mmoja wa gitaa, sauti na vyombo viwili vitatu, kwa mtu asiye na uzoefu wa studio, unakula vipindi viwili vya saa tatu tatu. Kimoja vyombo, kimoja sauti. Nyimbo nane ni saa 48 za kurekodi. Ongeza kumiksi (kupatanisha sauti na vyombo), siku moja kwa wimbo, halafu siku moja ya kurudia marekebisho ya zote, kisha kumasta (kung'arisha miksi kwa mara ya mwisho). Nyimbo 12 zinakuwa saa 72 na siku nne zaidi za kumiksi. Pesa ikiishia kwenye wimbo wa tisa, mnabaki na nyimbo tisa mbichi badala ya nane zilizoiva.

Kwa hiyo mkienda studio msiulize "wimbo bei gani". Ulizeni bei hiyo ina nini ndani: saa ngapi za kurekodi, marekebisho mangapi ya miksi, masta ipo au ni ya kulipia, na je stemu zote mtapewa? Stemu ni kila chombo na faili lake peke yake, zote zikianzia sekunde ileile. Bila hizo, studio ikifungwa au kompyuta ikiungua, albamu imeondoka nayo. Wimbo wa dakika nne wenye njia 20, kwa biti 24 na kilohezi 48, ni kama MB 690. Nyimbo nane ni GB 5 na nusu. Beba flashi mbili za GB 16, moja ikae nyumbani kwa mtu mwingine.

Malipo yagawanywe: asilimia 30 siku ya kuanza, 40 kurekodi kukiisha, 30 stemu zikiwa mkononi na umezifungua kwenye kompyuta nyingine ukazisikia. Prodyuza mwaminifu hagombani na mpangilio huu.

Sasa ilimba na zeze, na hapa naomba msome polepole, maana ndipo panapoharibiwa kuliko kote.

Ilimba ya Kigogo haijatyuniwa kama kinanda. Noti zake hukaribiana na noti za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja unapogawanyika wenyewe. Katika noti hizo, ya tano iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14 (senti 100 ni nusu toni), na ya saba iko chini kwa senti 31, yaani karibu theluthi ya nusu toni. Sikio la Mgogo linaisikia kuwa ndiyo penyewe. Sikio la kijana aliyekulia kwenye kibodi linaisikia kuwa imetoka nje, naye ataivuta kwa programu hadi ikae "sawa". Akishafanya hivyo, ilimba inageuka mlio wa simu.

Mpangilio wa nyimbo hizo nne uwe hivi. Ilimba irekodiwe kwanza, peke yake, pamoja na sauti ya mama ya kuelekezea tu. Gitaa lije baadaye, lityuniwe kwa kuisikiliza ilimba, siyo kwa mashine ya kutyunia. Na gitaa lisipige kodi nzito (noti nyingi kwa pamoja). Nyuzi mbili tatu zinatosha, kwa sababu kodi kamili ndiyo inayogombana na ile noti ya saba. Beisi ya kompyuta ikae mbali kabisa na nyimbo hizi. Kama mzee anapiga bila kliki (mdundo wa kuhesabia unaosikika kwenye hedifoni), mwacheni. Kliki mwekeeni kwenye nyimbo za gitaa zitakazoongezewa ngoma baadaye.

Kosa la pili: ilimba ina mzizimo wake, ule mkwaruzo mwembamba unaotoka kwenye utando wa buibui uliozibia matundu ya boksi. Huo siyo uchafu, ni sehemu ya chombo. Fundi asiyeujua anauondoa kwa kichujio cha kelele, halafu anashangaa chombo kimekufa. Mwambieni mapema. Anayetaka mfano wa namna mzizimo na zeze vinavyokaa pamoja na sauti ya mtu asikilize kazi za marehemu Hukwe Zawose wa hapahapa Dodoma.

Maiki ya ilimba iwe sentimita 30 hadi 40 mbele ya boksi, ikielekea kwenye matundu, siyo kwenye vidole. Ukiisogeza karibu zaidi unapata milio ya kucha. Zeze iwekwe maiki usawa wa upinde unapogusa nyuzi, mbali kidogo, maana kibuyu kinaguna. Sauti ya mama: shubiri moja kutoka kwenye maiki, kichujio cha pumzi katikati, na sauti ikiwa kubwa kabisa mita isipite desibeli -6.

Chumba nacho. Studio nyingi za mtaani ziko chini ya bati, na bati la Dodoma saa saba mchana linapasuka pa, pa, pa kwa joto. Mvua ikinyesha ndiyo basi. Vipindi vya sauti viwe asubuhi saa 12 hadi saa 3, au usiku baada ya saa 3 bodaboda zikipungua. Feni izimwe. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele za nje, hizo ni mapambo. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji na blanketi zito juu ya mlango yanafanya kazi zaidi.

Sauti ya mtu wa 57 isipangiwe nyimbo mbili kwa siku. Wimbo mmoja, dakika 45 za kuimba, 10 za kukaa kimya (kimya kweli, siyo kupiga soga), kisha 45 nyingine. Mistari bora hupatikana mara ya tatu hadi ya sita. Baada ya ya nane mnarekodi uchovu.

---

Karatasi Kwanza:

Nianzie kwenye swali la haki. Hakimiliki inaanza pale wimbo unapotungwa; daftari au rekodi ya simu ni ushahidi wake. Haisubiri usajili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inadumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki) ni kujitengenezea ushahidi, na ushahidi unahitajika siku mtu mwingine anapoutoa wimbo wako kwa jina lake. BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ni suala jingine: kule anasajiliwa yeye kama msanii. Akikwama, mlango wa karibu ni ofisi ya utamaduni ya halmashauri ya jiji.

Haki ziko mbili, na watu wanazichanganya kila siku. Kuna wimbo (maneno na melodi) na kuna rekodi, ambayo mtaani inaitwa masta. Mama ni mtunzi, kwa hiyo wimbo ni wake. Rekodi inategemea mlichokubaliana, na makubaliano ya mdomo ndiyo mama wa kesi zote. Karatasi moja kwa kila wimbo inatosha: jina la wimbo, nani ametunga maneno na melodi na kwa asilimia ngapi, rekodi ni ya nani, nani alipiga nini na alilipwa kiasi gani, je malipo hayo yamemaliza au ana mgao, tarehe, saini, mashahidi wawili. Isainiwe siku ya kurekodi, kabla pesa haijatoka na kabla wimbo haujapendwa.

Nyimbo za Kigogo ziangaliwe mara mbili. Kama kiitikio kimetoka kwenye ngoma ya jadi, mfano muheme, na yeye ameongeza beti, asiandike "mtunzi" bila maelezo. Aandike "asili: Kigogo, mpangilio na beti: fulani". Sheria ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi zinapotumika kibiashara nje ya mazingira yake, na kibali chake kinaulizwa BASATA. Wanaopuuza hili hugundua baadaye kwamba hawawezi kumzuia mtu mwingine kuuimba wimbo uleule.

Na kwa umri wake, ambalo watoto wanaona haya kulisema: nyimbo ziingie kwenye wosia. Miaka 50 baada ya kifo ni mali inayorithiwa kama shamba. Orodha ya nyimbo, namba za usajili, akaunti za mtandaoni na namna ya kuzifungua vikae kwenye bahasha moja.

---

Kijana wa Makole:

Asanteni sana wakuu, naona madaftari yote itabidi yafunguliwe upya. Maswali mawili yamezuka. Kijana mmoja wa studio huku Nkuhungu anasema hatatoza hela, ila achukue asilimia 50 ya kila wimbo na biti (midundo iliyotengenezwa tayari) zitoke kwenye mtandao. Na mama anauliza mkopo wa serikali wa wasanii, kama auombe badala ya kusubiri mafao.

---

Karatasi Kwanza:

Asilimia 50 ya kipi? Ya rekodi inaweza kujadiliwa, kwa kuwa ataweka muda na mitambo yake. Wekeni kikomo: mgao uishe akisharudisha kiasi fulani kilichoandikwa, au baada ya miaka mitatu. Asilimia 50 ya wimbo, hapana. Hakuandika hata neno. Na mkataba usiotaja kipi kati ya hivyo viwili utasomwa kwa faida ya mwenye sauti kubwa.

Biti za mtandaoni ni mtego mwingine. Nyingi zinauzwa kwa leseni ya pamoja, biti moja watu mia. Mmoja wao akiusajili wimbo wake kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, video ya mama itadaiwa kuwa ni yake kwa sababu biti ni ileile, na mapato yataelekezwa huko. Mtu mwenye gitaa lake na ilimba ya mzee anatafuta biti ya kukodi kwa kazi gani?

Mkopo: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo na hutoa mikopo kwa wasanii, na usajili ndiyo tiketi ya kuufikia. Lakini ni mkopo. Albamu ya kwanza ya nyimbo nane haina ratiba ya mapato, marejesho yanayo. Ningekopea maiki na spika za kufanyia maonesho, vitu vinavyokodishika, siyo saa za studio.

---

Pumzi na Kii:

Naongeza kwenye mafao: asiguse kabisa kabla hajawa na rekodi za simu za nyimbo nane zenye kii sahihi, na karatasi zake. Maandalizi haya yote ni daftari, simu na mrija wa soda. Anaweza kuyamaliza akiwa bado anafundisha.

---

Mzigo Mtandaoni:

Upande wa kusambaza, mambo machache yanayowaangusha watu.

Akaunti zifunguliwe kwa barua pepe na laini ya simu ya mama mwenyewe. Mara nyingi anafungua mpwa (samahani mleta mada) kwa barua pepe yake, halafu anahamia Mwanza, anabadilisha laini, na mapato ya shangazi yanabaki yamefungwa nyuma ya namba ya siri inayotumwa kwenye simu iliyopotea.

Wasambazaji wa kimataifa wanatofautiana kwa namna ya kutoza. DistroKid ni ada ya kila mwaka, na usipolipa nyimbo zinaweza kushushwa. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo, nao wanakata asilimia 9 ya mapato. Kwa kijana anayetoa wimbo kila mwezi, ada ya mwaka ni nafuu. Kwa mama mwenye albamu moja anayetaka iendelee kusikika hata kadi ikiisha muda, kulipa mara moja kuna akili zaidi. Hakikisheni tu kwamba orodha ya msambazaji ina Boomplay na Audiomack, maana wasikilizaji wengi wa kwetu wako huko.

Faili ziwe WAV (sauti isiyobanwa), siyo MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV. Picha ya jalada iwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala alama za mitandao, vinginevyo inarudishwa. Jina liandikwe vilevile kila mahali, herufi kwa herufi. "Mama Fulani" na "Mama Fulani Dodoma" ni watu wawili kwa kompyuta. Kabla ya kuamua jina atafute kwanza, akikuta mtu mwenye jina hilohilo abadilishe sasa, kwa sababu kutenganisha kurasa baadaye ni kazi ya wiki kadhaa.

Atoe nyimbo mbili au tatu moja moja, wiki sita kati yake, kisha albamu. Kila rekodi ina namba yake ya ISRC yenye tarakimu na herufi 12. Wimbo uliotoka peke yake ukiingia kwenye albamu uende na namba ileile na faili lilelile, la sivyo hesabu ya waliousikiliza inaanza sifuri. Mzigo upakiwe wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Ombi la kuingizwa kwenye orodha za Spotify linatakiwa angalau siku saba kabla.

Kuhusu malipo, jiandaeni kuona makato. Fomu ya kodi ya Marekani mtaijaza, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, mapato yanayotoka kule yanakatwa asilimia 30. YouTube wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo matangazo yaanze kulipa. Kwa hiyo mtandao kwa mwaka wa kwanza ni kabati la kuhifadhia na kitambulisho cha kuonesha redioni. Pesa iko kwingine.

---

Sabufa Majengo:

Kwingine ni kwenye flashi, niwaambie bure.

Wasikilizaji wa rika la mama hawana bando la kusikiliza albamu nzima. Wana sabufa sebuleni, redio ya flashi shambani, na bajaji. CD mtapigia picha tu. Nyimbo nane za dakika nne nne kwa MP3 ya kilobiti 320 ni kama MB 77, kwa hiyo flashi ndogo kuliko zote dukani inatosha na inabaki. Nunueni jumla, mbandike karatasi ya jina, muuze mkononi.

Makosa yake ni haya. Flashi ikiwa imefomatiwa exFAT au NTFS, redio nyingi za bei rahisi zinaandika kosa na mteja anarudi na maneno. Fomati FAT32. Nyimbo ziwe juu kabisa, siyo ndani ya folda, na majina yaanze na 01, 02, 03. Hata hivyo redio nyingine hazisomi majina, zinafuata mpangilio wa kunakili, kwa hiyo nakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu, usiburute zote nane kwa pamoja. Ndani ya faili jaza jina la mwimbaji na namba ya simu ya kuagizia. Hiyo namba ndiyo tangazo lako, maana flashi itakopiwa, usijidanganye. Uza kwa bei ambayo mtu akiilinganisha na usumbufu wa kwenda kukopi anaona bora anunue.

Kabla ya kukubali masta, ipigeni kwenye sabufa moja na redio moja ya spika moja. Sabufa inavimbisha beisi, redio inaila yote. Kama kwenye redio neno la mama halisikiki juu ya gitaa, rudisheni kwa fundi, hata kama studio lilikuwa tamu.

Muda: wiki ya Nane Nane pale Nzuguni, tarehe 1 hadi 8 Agosti, watu wametoka kuvuna na mfuko una kitu. Atoe wimbo wa kwanza Mei, albamu iwe tayari mwishoni mwa Julai. Wimbo wa Kigogo upelekwe redio za hapa kama Dodoma FM ukiwa na karatasi moja: jina, maana ya kiitikio kwa Kiswahili, namba ya simu. Na Chamwino, kilomita kama 30 tu, kuna tamasha la muziki wa Kigogo. Pale ilimba haihitaji kuelezewa.

---

Kijana wa Makole:

Mkuu Sabufa, hapo kwenye kunakili kwa zamu: nikishakosea mpangilio nafuta tu na kurudia?

---

Sabufa Majengo:

Usifute, fomati upya. Ukifuta, nafasi za zamani zinabaki kwenye orodha ya flashi na wimbo mpya unaweza kukaa kwenye nafasi ya ule uliofutwa. Fomati, nakili 01, subiri imalize, nakili 02. Ukiwa na flashi 100, tengeneza moja sahihi, uijaribu kwenye redio, halafu tumia programu ya kompyuta kuchukua nakala kamili ya flashi nzima (wanaiita image) na kuimwaga kwenye nyingine. Na kumi za kwanza zijaribiwe zote kabla ya kubandika karatasi.